Seli ya ini haina DNA yake peke yake

Sikizeni jamani, hii ya kusema seli ya ini ina DNA (yale maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli) ya ini na ya moyo ina ya moyo, hapa Mombasa naisikia sana hata kwa vijana wa form four, na si kweli. Ulianza kama seli moja, ikagawanyika, na karibu kila seli ikapata nakala ileile ya DNA, tofauti ni jeni zipi, yaani vipande vipi vya hiyo DNA, zimewashwa na zipi zimezimwa. (Nasema karibu, kwa sababu chembe nyekundu za damu zikikomaa hutoa kabisa kiini, kile kinachobeba DNA.)

Nunua utumbo wa mbuzi pale Marikiti uupasue: ndani utando wenye ute unaofyonza chakula, halafu tishu (kundi la seli zinazofanya kazi pamoja) unganishi iliyobeba mishipa ya damu, nje misuli ya kusukuma. Tishu tofauti kabisa, ogani moja, yaani kiungo kimoja, na DNA ni ileile iliyoko kwa ini la mbuzi huyo.