“Tulikataa Sote, Mbona Wakaendelea?”: Wenye Magari na Maoni ya Umma kuhusu Kanuni za Usafiri

Mwenyekiti wa sacco moja (chama cha ushirika) ya matatu aliingia ofisini kwangu na bahasha nene ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa za saini, majina na nambari za vitambulisho, na juu ya kila ukurasa mstari mmoja: “Tunapinga kanuni hizi.” Akaniambia, “Wakili, tulikataa sote, na bado wakaendelea. Hiyo si batili?” Nilimuuliza walipinga kipengele kipi, na kwa sababu gani. “Zote,” akajibu.

Swali lake nimelisikia kwa wenye malori, wenye mabasi ya shule na viongozi wa bodaboda. Mwaka 2025, wizara ya uchukuzi ya Kenya ilipotoa rasimu za kanuni za ukaguzi wa magari, usafiri wa wanafunzi, ulevi barabarani na magari ya biashara, nililisikia hadi nikachoka. Kinachoniuma ni kwamba hawa ni watu wenye hoja nzuri. Wanajua barabara kuliko mtu yeyote aliyeketi kuandika rasimu, ila hoja zao hazifiki mezani kwa sababu ya imani moja ambayo hakuna sheria inayoiunga mkono.

Dhana: Maoni ya umma ni kura. Wengi wakikataa, kanuni inakufa.

Si kura. Ibara ya 10 ya Katiba inataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, na Sheria ya Sheria Tanzu ya 2013, inayohusu kanuni zinazotungwa na mawaziri na mamlaka za serikali chini ya sheria za Bunge, inamtaka anayetunga kanuni awashauri watakaoguswa nazo. Hakuna mahali panaposema idadi ya wanaopinga inaizuia kanuni. Haki uliyopewa ni ya kusikilizwa. Kusikilizwa na kukubaliwa ni vitu viwili, na mteja anayeviunganisha hufika kortini na kesi ambayo tayari imeshindwa.

Kampuni ya British American Tobacco ilijifunza hilo kwa njia ndefu. Ilizipinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014, miongoni mwa mengine ikidai umma haukushirikishwa ipasavyo. Ilikuwa na mawakili, fedha na muda, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 26 Novemba 2019 majaji waliamua kwamba ushirikishwaji ulikuwa umefanyika vya kutosha. Uamuzi huo ndio tunaoutumia hadi leo kupima mchakato wowote wa kanuni, za usafiri zikiwemo. Unasema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu: jambo linalojadiliwa lieleweke, watu wapewe nafasi ya haki ya kuliathiri, na wanaokusanya maoni wawe na nia ya kuyazingatia. Lakini unasema pia kwamba kudai tu hamkushirikishwa hakutoshi kuangusha kanuni. Korti itaangalia kilichofanyika, kipande kwa kipande.

Sasa rudi kwenye bahasha ya mwenyekiti. Jaji akiifungua ataona nini? Ataona kwamba watu wengi walijua kuhusu rasimu, wakaipata kwa wakati, wakakutana, wakaandika. Yaani bahasha ile inaithibitishia wizara kwamba ushirikishwaji ulifanyika. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumfariji.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilikasirikie neno “zote”. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, kifungu cha 5, inahusu hatua ya kiutawala inayoweza kuathiri vibaya haki za kundi la watu au za umma. Anayekusudia kuichukua anatakiwa kutoa ilani, kuzingatia maoni yote yaliyowasilishwa, na akiendelea, atoe sababu za uamuzi wake. Sababu hizo ndizo silaha yako baadaye. Ila mtu hujibu alichoulizwa. Ukiandika “tunapinga”, utajibiwa kwamba usalama barabarani ni muhimu, na jibu hilo litakuwa linatosha. Ukiuliza swali lenye hesabu ndani yake, jibu lisilo na hesabu litaonekana uchi mbele ya jaji.

Chukua mfano wa kubuni. Rasimu inataka kila matatu ifungwe kifaa fulani ndani ya siku 90, na fundi aliyeidhinishwa. Usiandike kwamba wenye matatu wanaonewa. Taja kifungu kwa nambari yake. Eleza kwamba mafundi walioidhinishwa wako katika miji mitatu tu, na gari la Lodwar litasafiri siku nzima kumfikia wa karibu na siku nzima kurudi. Hesabu siku ambazo gari halitaingiza kitu huku mkopo wa benki ukiendelea kudai. Ambatisha bei iliyoandikwa na muuzaji wa kifaa. Kisha, na hapa ndipo karibu kila mtu huachia, andika maneno unayotaka yawekwe badala ya yaliyopo: “kifaa kifungwe kufikia tarehe ya ukaguzi unaofuata wa gari husika.” Afisa anayerekebisha rasimu ana vifungu vingi na muda mchache. Aliyempa sentensi iliyokamilika amemrahisishia kazi. Nimeona maneno ya wateja wangu yakiingia kwenye kanuni karibu yalivyo, na hakuna hata mmoja kati ya wateja hao aliyekuja na saini elfu moja.

Saini zina kazi yake, sizidharau. Zinaonyesha ukubwa wa kundi litakaloguswa. Ziwekwe nyuma ya waraka kama kiambatisho.

Na kitu kimoja ambacho wateja wangu wanajua nitawauliza kabla ya kuketi: mmeomba taarifa ya athari? Kanuni inayoweza kuuletea umma, au sehemu yake, gharama kubwa inahitaji taarifa ya athari za udhibiti chini ya kifungu cha 6 na cha 7 cha Sheria ya Sheria Tanzu. Humo serikali inapaswa kueleza lengo la kanuni, gharama na faida zake, njia nyingine zilizoweza kutumika na kwa nini hazikufaa. Katika miaka yangu yote ya kazi hii nimepokea wateja wachache sana waliokuwa wameisoma. Wanabishana na kanuni yenyewe na kuiacha hesabu iliyoizaa, ilhali kosa mara nyingi liko kwenye hesabu. Kama haikuwekwa wazi, iombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kukujibu, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho ya maoni.

Dhana: Huu ni mwongozo tu, si sheria.

Hii nayo inawagharimu watu. Sheria ya 2013 inapoeleza sheria tanzu ni nini, haiishii kwenye kanuni. Inataja amri, maagizo, viwango vya ada na miongozo pia, mradi vimetolewa kwa mamlaka yaliyotajwa wazi katika sheria ya Bunge. Basi mamlaka ya usafiri ikitoa “mwongozo” unaokuwekea masharti ya leseni, uliza umetolewa chini ya kifungu gani cha Sheria ya NTSA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama) au cha Sheria ya Trafiki. Kifungu kikiwepo, mwongozo huo ulipaswa kupita njia ileile ya kanuni: mashauriano, Gazeti Rasmi la Serikali, Bunge. Kisipokuwepo, Ibara ya 94(5) inakukumbusha kwamba hakuna mwenye uwezo wa kutunga kitu chenye nguvu ya sheria Kenya ila Bunge, au aliyepewa mamlaka hayo na Katiba au na sheria. Jina lililoandikwa kwenye jalada halibadilishi lolote.

Dhana: Ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, mambo yamekwisha.

Nadhani hii tulirithi enzi za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Masharti yale ya mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni mwa matatu yalichapishwa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, kabla ya Katiba ya sasa na kabla ya Sheria ya Sheria Tanzu. Wazee wa sekta bado wanaamini kwamba waziri akitia saini, mlango umefungwa.

Leo kuna mlango mwingine. Waziri anatakiwa kuifikisha sheria tanzu Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Isipowasilishwa, inapoteza nguvu mara muda huo unapokwisha, ingawa yaliyotendwa chini yake kabla ya hapo hayafutiki. Ikiwasilishwa, kamati inayoshughulikia sheria tanzu ina siku 28 za kuikagua na inaweza kupendekeza ifutwe. Mojawapo ya mambo inayoangalia ni kama waziri amevuka mamlaka aliyopewa. Waandikieni kamati. Waraka uleule mliowapelekea wizara, pamoja na maelezo ya kilichopuuzwa, unatosha kuanzia. Angalieni kwamba zile siku saba ni za vikao: Bunge likiwa likizoni hazihesabiki, kwa hiyo usikimbilie kusema muda umepita kwa kutazama kalenda ya ukutani. Na hata iliyopita salama haidumu milele. Kwa kawaida sheria tanzu hufa yenyewe baada ya miaka 10.

Dhana: Lazima wakili aandike, tena kwa Kiingereza.

Hapana. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, na barua ya dereva aliyeeleza kinachotokea saa kumi alfajiri kwenye mizani ya malori ya Mariakani ina uzito ambao mimi siwezi kuutunga. Nitafute baadaye, mambo yakienda kortini.

Dhana: Hawakuja mtaani kwetu, kwa hiyo haikuwa halali.

Inategemea. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, na Jaji Odunga akasema watu wahimizwe kushiriki kupitia makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama. Ilani ya kutimiza wajibu tu haitoshi. Lakini hakuna sheria inayoahidi mkutano katika kila kituo cha matatu. Kama ilani ilitoka magazetini, rasimu ikapatikana na mikutano ikafanyika kaunti kadhaa, hoja yako ni nyembamba.

Mwenyekiti yule aliondoka na kazi ya nyumbani. Kanuni zake zilikuwa bado hazijafikishwa Bungeni, hivyo tulikuwa na muda kidogo. Nilimwomba madereva watatu, mtunza hesabu wa sacco na stakabadhi za gereji za miezi sita. Siku mbili baadaye alirudi na vifungu vinne alivyovizungushia kalamu nyekundu, kila kimoja kikiwa na gharama yake pembeni. Tuliandika kurasa tano. Alichukua nakala mbili za kupeleka Bungeni, moja ya kuacha na moja ya kupigwa muhuri wa kupokelewa, na nikamsisitizia asitoke pale bila muhuri huo.