Nyota geugeu za kipindi kirefu: hicho "kipindi" sio muda tu

Nimesoma tena mtu kaandika eti nyota fulani ni ya kipindi kirefu kwa sababu imefifia miaka miwili sasa. Jamani. Nyota geugeu za kipindi kirefu ni majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka zikavimba, zinatanuka na kusinyaa na mwanga wake unapanda na kushuka kwa mzunguko wa miezi kadhaa mpaka kama miaka mitatu hivi. Mzunguko ukipandisha mwanga zaidi ya mara 10 inaingia kundi la Mira (jina limetoka kwa nyota moja iitwayo Mira), chini ya hapo ni nusu-mpangilio, yaani mzunguko wake haujanyooka sana. Basi, maana ndo hiyo.

Shida ni neno kipindi. Sisi tuna kipindi cha redio, kipindi cha mvua, kipindi cha hesabu, ndo maana mtu akisikia "kipindi kirefu" anawaza jambo lililochukua muda. Ila hapa ni kutoka kilele kimoja cha mwanga mpaka kilele kinachofuata, kwahiyo kama haijajirudia hujapata kipindi, umepata mabadiliko tu. Na hilo "geugeu" nalo linachanganya, maana kigeugeu ni mtu asiyetabirika, wakati nyota Mira yenyewe unaweza kuiwekea kalenda, siku kama 332 hiyo inarudi (siku ya kilele husogea kidogo, lakini inarudi).

Na kipindi cha Mira hakikujulikana haraka. Mtazama nyota David Fabricius aliiona 1596 ikififia mpaka ikapotea akadhani ni nyota mpya iliyoisha, ilibidi ifike 1638 ndo mwanaastronomia Holwarda aone inarudi kila miezi 11 hivi, halafu 1662 mwenzake Hevelius akaiita Mira, Kilatini, "ya ajabu". Miaka yote ile kabla ya Holwarda walikuwa na nyota iliyobadilika, kipindi hawana.

Leo data zipo za kumwaga, OGLE, mradi wa kuchunguza anga kule Chile, imeanza kupiga picha anga 1992, ila mtu anachukua grafu ya mwaka mmoja yenye nundu moja tayari kashaipa nyota kundi! Na kila mwaka jua linaziba sehemu ya anga, data inakatika, programu inakuletea kipindi cha siku 365 kumbe ni lile pengo.

Sasa Betelgeuse, ile nyota kubwa nyekundu, ilivyofifia sana mwishoni mwa 2019 mpaka 2020, ile ilikuwa vumbi ililolirusha yenyewe. Kipindi chake, kama siku 400, kilishajulikana zamani. Ile we sema tu "ilififia miezi kadhaa", tutakuelewa.