Dhana potofu kuhusu kusoma msimbo chanzo wa jQuery

Wanafunzi wengi wanaonijia wakiwa wamekatishwa tamaa na msimbo chanzo wa jQuery, maktaba ya JavaScript ya kushughulikia kurasa za wavuti, huwa wameshikilia dhana ileile, kwamba ni lazima usomwe kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nimechoka kuisikia. Faili la toleo la 3, lenye mistari zaidi ya elfu kumi, halikuandikwa hivyo: wasanidi huandika mafaili madogo katika folda ya src, kisha programu nyingine huyaunganisha. Anayesoma kwa kufuatana hukutana mapema na injini ya selekta, yaani sehemu inayotafuta vipengele vya ukurasa (hadi toleo la 3.6 iliitwa Sizzle), na wengi huishia hapo.

Fuata mwito mmoja tu, kwa mfano $("p").addClass("wazi"), unaozipa aya zote za ukurasa klasi "wazi". Dola ni jina jingine la fankisheni jQuery, ambayo kazi yake yote ni mstari huu: return new jQuery.fn.init(selector, context). Ndiyo maana wewe huandiki new. Objekti inayopatikana imeundwa na init, ilhali addClass imewekwa katika jQuery.fn, yaani jQuery.prototype (prototype ni objekti ambayo nyingine hurithi fankisheni zake). Kinachoziunganisha ni mstari mfupi, init.prototype = jQuery.fn; bila huo, objekti hiyo isingeijua addClass kabisa. Nayo addClass ikimaliza hurudisha this, yaani objekti ileile, hivyo unaweza kuita .hide() papo hapo. Ushauri wangu, ambao hupuuzwa sana, ni kuisimamisha programu kwenye mstari wa mwito kwa kutumia zana za kivinjari, kisha kuingia ndani hatua kwa hatua.

Wanaodai kwamba msimbo umefichwa makusudi wamefungua jquery.min.js, ambamo majina yamefupishwa ili faili liwe jepesi kupakuliwa; wafungue jquery.js, yenye maelezo. Dola hiyo ya jQuery nayo si sehemu ya sarufi ya JavaScript, bali ni jina halali la kigeu, na jQuery.noConflict() hulirudisha kwa maktaba iliyokuwa ikilitumia awali.

Wapo pia wanaouita kila mstari wa ajabu uzembe. John Resig alipoitoa jQuery mwaka 2006, vivinjari vilitofautiana mno, na mistari hiyo mingi iliwekwa kuzikabili tofauti hizo; ni toleo la 2.0 la mwaka 2013 lililoacha kuhudumia Internet Explorer 6, 7 na 8. Juu ya mistari mingi ya namna hiyo kuna maelezo yanayoanza na neno Support, yakitaja kivinjari kinachohusika; yasomwe kabla ya mtu kutangaza kwamba amegundua kosa.