Redio mbao kuhusu nyimbo za redio

Wengi huamini kwamba nyimbo za Kimarekani kuhusu redio zilitungwa baada ya vituo kuanza. Sivyo. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais Novemba 2, 1920, na hapo ndipo watu huanzia kuhesabu. Lakini mwaka 1913 ulishatoka "There's a Wireless Station Down in My Heart": moyoni mwangu mna kituo cha simu ya upepo. Wakati huo mitambo hiyo ilikuwa ya melini, ikipeleka alama za Morse, na Titanic ilikuwa imezama mwaka uliotangulia ikiomba msaada kwa njia hiyohiyo.

Eti zilikuwa nyimbo za kuchekesha, za kushangaa kidude kipya? Zilikuwepo, ndiyo. Ila "I Wish There Was a Wireless to Heaven" wa 1922 ni kilio: aliyefiwa anatamani redio ifike mbinguni, mama asionekane yuko mbali hivyo. Wala wazo halikuwa geni. Tangu 1901 mtunzi Charles K. Harris alikuwa na "Hello Central, Give Me Heaven", mtoto akimwomba opereta wa simu amuunganishe na mama yake huko mbinguni. Kifaa kimebadilika, yatima ni yuleyule. Mwaka 1924 Al Jolson akarekodi "Mister Radio Man", akimsihi mtu wa redio amwambie mama arudi nyumbani. Kwangu huu ndio unaouma zaidi, kwa kuwa opereta angalau husikia anachoambiwa. Redio husema tu.

Na ile picha ya familia nzima imeizunguka redio ni ya baadaye kidogo. Wengi walianza na redio ya fuwele (crystal), isiyotumia umeme wala betri, sauti yake hafifu mno. Ulisikiliza kwa vifaa vya masikioni, peke yako. Waliotaka kuwashirikisha wenzao waliviweka ndani ya bakuli ili sauti ivume.

Pesa je? Wachapishaji wa nyimbo waliishi kwa kuuza karatasi zenye noti za muziki, na redio ilipiga nyimbo zao bure. Mwaka 1923 mmoja wao, kampuni ya Witmark, ililishtaki duka la Bamberger la Newark, lenye kituo cha WOR. Duka likajitetea kwamba halipigi nyimbo kwa faida, kwani wasikilizaji hawalipi kitu. Mahakama ikaona faida ipo: kituo kilikuwa kikijitambulisha hewani kama cha "mojawapo ya maduka makubwa ya Marekani".