Una domeni, sawa. Lakini seva ya barua pepe ni ya nani?

Seva ya barua pepe ni programu inayokaa macho saa zote kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Inapokea barua kutoka kwa seva nyingine, inazifikisha kwa wenyewe walio ndani, na za ndani inazipeleka kwa seva za nje. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonifanya niandike ni namna neno hili linavyotumika hapa Tanga. Mtu akishalipia domeni, yaani jina la intaneti linaloishia na .co.tz, na kadi zake za biashara zikachapwa upya, tangu siku hiyo ana "seva yake ya barua pepe". Nimelisikia kwa mawakala wa forodha bandarini, kwa wenye nyumba za wageni Raskazone, kwa shule binafsi, na majuzi kwa kijana anayejitangaza kuwa anafunga seva za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Alipofungua kompyuta anionyeshe kazi yake, nikaona ni anwani kadhaa alizoziunda kwenye ukurasa wa kampuni ya hostingi, yaani inayokodisha nafasi kwenye seva zake.

Kuwa na domeni ni jambo jema. Afadhali mara mia mteja akuandikie kwa jina la kampuni yako kuliko kwa anwani ya bure yenye mwaka wako wa kuzaliwa mwishoni. Ila domeni ni kama sanduku la posta. Mwenye S.L.P. ana namba yake na ufunguo wake, barua zake zinaingia humo na hakuna mwingine anayezigusa, lakini hujapata kumsikia akisema ana posta yake. Anajua fika kwamba kupanga barua, kugonga muhuri na kueleza kwa nini kifurushi hakijafika ni kazi ya watu walio upande wa pili wa ukuta. Kwenye barua pepe ukuta huo hauonekani, basi watu wanauruka kwa mdomo.

Kinachotambulisha seva ni dhamana inayoibeba. Ukitaka kuiona, weka kando programu ya kusomea barua, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), unganika na seva kwenye poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua, na uzungumze nayo kwa mkono. Lugha yao ni maandishi ya kawaida kabisa:

EHLO barua.jinalenu.co.tz
MAIL FROM:<ofisi@jinalenu.co.tz>
RCPT TO:<mteja@jinalao.co.tz>
DATA

Hapo unaandika barua yenyewe, na ukimaliza unaweka mstari wenye nukta moja peke yake. Ikiwa mambo yamekwenda vizuri, upande wa pili unajibu kitu kama hiki:

250 2.0.0 Ok: queued as 4F7C21A03B

Wengi husoma 250 hiyo kuwa "imefika". Sivyo. Jibu hilo, likija baada ya nukta, maana yake ni "nimeichukua, kuanzia sasa niulize mimi". Itifaki yenyewe, yaani kanuni za mazungumzo haya, inaitwa SMTP, na iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982 katika RFC 821, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti. Waraka uliokuja kuchukua nafasi hiyo mwaka 2008, RFC 5321, unaeleza bayana kwamba seva ikishatoa jibu hilo lazima ama iifikishe barua, ama imrudishie habari aliyeituma kuwa imeshindikana. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu za kijinga, na mojawapo ya sababu za kijinga zilizotajwa humo ni mashine kuanguka baadaye. Kwa kanuni hiyo, umeme kukatika Chumbageni si udhuru. Ndiyo maana Postfix, mojawapo ya programu za seva ya barua, huiandika barua kwenye diski kwanza, ikahakikisha imekaa, ndipo ikatamka 250. Umeme ukirudi inaikuta palepale kwenye foleni, ndani ya /var/spool/postfix.

Sasa tazama ofisi yako yenye domeni. Nani anatamka 250? Huyo ndiye mwenye seva. Sisi wengine, pamoja na simu zetu na kompyuta zetu za mapokezi, ni wateja wake.

Upande wa kutuma nao una dhamana yake, na hapa logi, kumbukumbu ya matendo ya seva, inaeleza vizuri kuliko mimi. Kwenye matoleo ya Linux kama Ubuntu, au Debian iliyowekewa rsyslog, fungua /var/log/mail.log utafute neno status. Ukikuta sent, seva ya upande wa pili imeshasema 250 yake, mzigo umehama. Ukikuta bounced, wamekataa moja kwa moja, kwa kawaida kwa jibu linaloanza na 5, na barua ya kushindikana imerudi kwa aliyetuma. Ukikuta deferred, upande wa pili haupatikani au umejibu kwa namba inayoanza na 4, yaani jaribu tena baadaye. Postfix ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida itaendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchini, watu waliamini barua walizotarajia kutoka ng'ambo zimepotelea baharini. Seva inayofuata kanuni, ikikosa njia, haitupi kitu. Inaweka foleni na kurudia. Mwenye seva aliweza kuandika postqueue -p akaona kila barua ya kwenda nje iliyokwama na sababu yake. Mwenye domeni tu aliweza kupiga simu.

Kuhusu vilivyomo ndani nitapita haraka. Kinachoitwa seva kwa kawaida ni programu mbili au zaidi zinazosaidiana. Postfix, ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998, inasafirisha. Dovecot, iliyoanzishwa na Mfini Timo Sirainen mwaka 2002, inakufungulia sanduku lako ili simu ilisome kwa IMAP, itifaki ya kusomea barua. Juu yake huongezwa kichujio cha barua taka. Kutozijua mbili hizi kunaleta vilio vya bure: "Fundi, seva imekufa tangu asubuhi!" Unaingia, unakuta Postfix inapokea barua kama kawaida. Kilichotokea ni kwamba cheti cha Let's Encrypt, kinachoithibitishia simu kwamba seva ndiyo yenyewe, na ambacho kwa kawaida huishi siku 90, kilikwisha. Kipya kimeshapakuliwa chenyewe na kipo kwenye diski, ila hakuna aliyeiambia Dovecot ikisome, kwa hiyo bado inaonyesha simu zote cheti cha zamani na simu zote zinagoma. Unaandika systemctl reload dovecot na kelele zinakwisha. Hakuna barua hata moja iliyopotea. Barua zilikuwa zinaingia, kusomwa ndiko kulikoshindikana.

Wapo pia wanaokosea kwa kuvutia upande mwingine. Hawa wanaamini seva si yako mpaka uione kwa macho na uifute vumbi. Mtu ananunua kompyuta iliyotumika, anaweka Debian, anaisukuma chini ya meza dukani Ngamiani kwenye laini ya kawaida ya intaneti, halafu anashangaa barua zake haziendi na za watu hazifiki. Postfix haina kosa hapo. Laini nyingi za simu humpa mteja anwani ya IP (namba ya mashine kwenye intaneti) inayochangiwa na watu wengi, kwa hiyo seva ya nje haiwezi kubisha hodi kwake. Na hata ukipewa anwani yako peke yako, anwani za laini za majumbani mara nyingi zimo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, iitwayo PBL, ambayo maana yake ni kwamba anwani hizi hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Zaidi ya hayo, mtoa huduma huenda ameifunga poti 25 kwa barua zinazotoka. Tena kuna jina la kinyume, rekodi ya PTR, linaloeleza anwani ya IP ni ya mashine ipi. Hilo linawekwa na anayemiliki anwani ya IP. Wewe mwenye domeni huna mamlaka nalo, utaomba tu.

Kwa sababu hizo wanaojiendeshea seva wengi hukodi mashine Frankfurt au Johannesburg. Chuma si chao na hawajawahi kukiona. Lakini wanaingia wakiwa na mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu, jina la kinyume wamelichagua wao, Postfix wameisanidi wao, na logi wanazisoma wao. Hiyo ni seva yao, na sitambishia mtu akisema hivyo, ingawa iko maelfu ya kilomita kutoka Tanga. (Akodi kwa uangalifu lakini. Baadhi ya wakodishaji nao hufunga poti 25 mpaka uwaombe kwa maandishi na kueleza unataka kutuma nini.)

Katikati kuna waliopokea kazi nusu: barua zinazoingia zinatua kwenye mashine yao, zinazotoka zinapitishwa kwa kampuni yenye anwani za IP zinazoaminika. Mimi hiyo bado naiita seva. Inatamka 250 kwa jina lake yenyewe na inatunza sanduku la kila mfanyakazi. Wapo wanaobisha, nami siwashangai, kwa kuwa barua ikikwama kwa yule wa kati utarudi kupiga simu kama mwenye domeni.

Ushahidi ninaoletewa mara nyingi na wanaong'ang'ania kwamba wana seva ni rekodi ya SPF. SPF, DKIM na DMARC ni maandishi yanayowekwa kwenye DNS ya domeni, daftari la intaneti linaloeleza jina liko mashine ipi. Ya kwanza inataja mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, ya pili inabeba ufunguo wa kuhakiki sahihi iliyo kwenye barua, ya tatu inamwambia mpokeaji afanye nini hizo mbili zikikosa kulingana na domeni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na walau SPF au DKIM, na watumaji wa wingi wawe na zote tatu, kwa hiyo watu wamezinduka na kuziweka. Vizuri. Ila soma ulichokiweka. Kama rekodi yako ina maneno include:_spf.google.com, umeitangazia dunia kwamba wanaotuma kwa niaba yako ni Google. Ushahidi huo unakukana.

Utaniuliza inamdhuru nani. Inadhuru pale swali linapokuwa la kweli. Mfanyakazi mmoja akiweka nywila dhaifu na mhalifu akaitumia kumwaga barua taka usiku kucha, mwenye seva ndiye atakayekuta foleni imevimba, anwani yake ya IP imeingia kwenye orodha za kuzuiwa, na yeye ndiye atakayewaandikia wenye orodha kuomba kuondolewa. RFC 5321 inadai kila domeni inayopokea barua ikubali pia barua ya postmaster, na malalamiko ya dunia huja huko. Ukiwauliza wengi wanaojigamba kuwa na seva nani anasoma postmaster@ ya domeni yao, wanakutazama tu. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti juu ya taarifa binafsi kusafirishwa nje ya nchi. Zahanati inayosema "seva ni yetu" huku barua za wagonjwa zimelala kwenye mashine za kampuni ya Marekani imejibu swali la kisheria bila kujua kwamba imeulizwa.

Kuhakikisha hakuchukui dakika. Kwenye Linux yenye programu ya dig andika:

dig +short mx jinalenu.co.tz

na badala ya jinalenu uweke jina lenu. Jibu ni jina la mashine inayopokea barua zenu. Likiishia na google.com au mail.protection.outlook.com, mnahudumiwa na Google au Microsoft. Likiwa jina la kampuni ya hostingi, mnahudumiwa na hiyo. Likiwa jina lenu wenyewe msishangilie bado, maana hostingi nyingi hukuwekea mail.jinalenu.co.tz iliyoelekezwa kwenye mashine yao. Fuata kwa dig +short mail.jinalenu.co.tz upate anwani ya IP, kisha dig -x anwani hiyo uone jina la kinyume linamtaja nani.

Mkikuta si nyinyi, hakuna haja ya kuondoa chochote wala kufunga chochote. Kwa ofisi ya watu wachache hiyo ndiyo mipango ninayoipendekeza, na sijapata kumshauri mwenye nyumba ya wageni aache wageni akalinde foleni ya Postfix. Badilisheni sentensi tu. Kwenye fomu ya zabuni, palipoandikwa seva ya barua pepe, jazeni hivi: "Tunatumia barua pepe ya domeni yetu, seva zinaendeshwa na", halafu jina la kampuni mnayoilipa.