Harufu ya Mmea na Mbawakawa: Soma Kabla Hujanunua Kichupa

Tangu mvua zianze, haipiti wiki kabla mtu hajafika kwenye meza yetu ya maulizo na kichupa kisicho na lebo. Wengine wamekinunua sokoni, wengine wameagiza kupitia kundi la WhatsApp, kikaletwa na bodaboda hadi mitaa ya Utawala au Ruai, Nairobi. Maelezo huwa yale yale: mwuzaji alisema hii si dawa, ni harufu tu, inawavuta wadudu watoke kwenye mimea, au inawafukuza, na kwa kuwa haiui, haihitaji kusajiliwa. Mnunuzi alitaka kupunguza sumu kwenye mboga za watoto wake, na nia hiyo naiheshimu. Lakini wadudu wamezidi, naye anataka kujua kwa nini.

Jibu linaanzia kwenye papasi. Zile pembe mbili kichwani mwa mbawakawa ndizo pua yake. Zimejaa vinyweleo vyenye vitundu vidogo mno, na ndani yake mna seli za neva, kila aina ikiitikia harufu za namna yake. Maabara tunamweka fukusi wa migomba, ambaye naye ni mbawakawa, ndani ya mrija wa kioo wenye umbo la Y. Upande mmoja unaingia upepo uliopitia kwenye kipande cha tunguu la mgomba, yaani shina lake nene la chini ya udongo, upande wa pili upepo mtupu. Fukusi hutembea polepole, akifika njia panda husimama, huinua papasi, huzipeperusha huku na huku, kisha huifuata harufu. Wachache hukosea njia, ndiyo maana tunarudia jaribio kwa wadudu wengi, tunaosha mrija, na tunabadilisha pande ili tusije tukadhani ni harufu kumbe ni mwanga wa dirisha.

Ukipasua jani la sukuma wiki, ile harufu ya ubichi inayokupanda puani hutolewa na karibu kila mmea wa kijani. Basi mdudu anayekula aina moja ya mmea anaupataje? Kwa mizani ya mchanganyiko. Wataalamu wa Wageningen, Uholanzi, walilionyesha hili katika miaka ya 1970 kwa mbawakawa wa viazi wa Colorado, mdudu ambaye Kenya hatunaye na hatumtaki. Alitembea kuuelekea upepo uliobeba harufu ya mmea wa kiazi, lakini walipoongeza kimoja tu kati ya viungo vya harufu ile, alipoteza mwelekeo. Viungo vilikuwa vile vile, ila mizani ilikuwa imevurugika. Kwa hiyo mtu anayekuuzia “harufu ya majani” bila kusema ni viungo gani na kwa kiasi gani, hajui anachouza.

Harufu moja pia haina maana moja kwa wadudu wote. Chukua mafuta ya karafuu. Kiungo chake kikuu, eujenoli, huwachukiza fukusi wa mahindi. Kiungo hicho hicho kimo katika chambo cha maua kinachotumiwa Marekani kumnasa mbawakawa wa Kijapani, kwa sababu yeye hukikimbilia. Huko Marekani watafiti waligundua pia kwamba mitego hiyo huita mbawakawa wengi kuliko inaowanasa, na wanaobaki hutua kwenye mimea iliyo karibu. Ukining'iniza chambo katikati ya magunia yako ya mboga, umewaandalia wageni karamu. Naulizwa, “Si kimenasa wadudu? Basi kinafanya kazi.” Hapana. Usihesabu walionaswa peke yao. Angalia na majani.

Turudi kwa wadudu wetu. Fukusi wa migomba ni mweusi, ana urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 1, hutembea usiku na ni nadra kuruka. Huvutwa na tunguu na gogo la mgomba, hasa lililokatwa. Shida hii mara nyingi huingia Nairobi kwa basi: machipukizi kutoka kwa ndugu Kisii au Murang'a, yamefungwa kwenye gunia, mayai yako ndani. Kwa kuwa mayai mengi hutagwa karibu na uso wa tunguu, kulimenya hadi lionekane jeupe kabla ya kupanda huondoa sehemu kubwa yake. Fanyia kazi hiyo mbali na shamba, kwa sababu maganda yale mabichi yananukia kwa fukusi kuliko mgomba uliosimama. Miche ya maabara ni salama zaidi, mradi usiipande kando ya visiki vya migomba iliyoshambuliwa.

Viazi vitamu vina fukusi wao, wembamba kama siafu. Hawawezi kuchimba udongo. Hushukia kwenye nyufa hadi kwenye kiazi. Fukia nyufa kwa kupandishia udongo. Ipo feromoni, yaani harufu ambayo mdudu huitoa kuwaita wenzake, ya kunasa madume, lakini feromoni ya fukusi wa Asia si ya hawa wetu wa Afrika. Anayeagiza kutoka ng'ambo bila kujua jina la mdudu wake hupata mtego mtupu.

Dumuzi wa mahindi, ambaye wakulima wengi Kenya wamempachika jina Osama, ni somo tofauti kabisa. Harufu ya mahindi haimvuti kutoka mbali kama wengi wanavyodhani. Dume akishabahatisha ghala, hutoboa punje na kutoa feromoni yake, na ndiyo inayowaita wenzake. Wapo wanaoamini kwamba mahindi yenyewe huzaa wadudu; hayazai. Naomba tuliache hilo. Kausha vizuri, hifadhi kwenye magunia yasiyopitisha hewa, na ukague kabla ya kununua.

Kwa wenye kahawa Ruiru na Kiambu: mtego wa kidudu kinachotoboa buni hutumia mchanganyiko wa ethanoli na methanoli. Unafanya kazi. Lakini methanoli ndiyo ile inayopofusha na kuua watu kwenye pombe haramu. Usiichanganye jikoni, wala usiiweke kwenye chupa ya soda.

Na inzi wa Nairobi, ambaye tunaletewa kila msimu: ni mbawakawa kweli, ila hali mazao yako, anawinda wadudu wengine, na nyumbani huja kwa kufuata taa. Kichupa cha harufu ya mimea hakimhusu. Usimponde kwenye ngozi. Mpulize aondoke, kisha uzime taa ya nje.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotoshwa. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu Waharibifu, Sura ya 346, haihusu sumu peke yake. Inagusa pia kitu chochote kinachotengenezwa, kuuzwa au kutumiwa kuwavuta au kuwafukuza waharibifu. Chambo cha harufu kimo. Kabla hakijauzwa Kenya, mwenye bidhaa hupeleka maombi kwa bodi husika, PCPB, pamoja na maelezo ya viungo na usalama wake. Bidhaa hujaribiwa hapa nchini. Ikikubaliwa hupewa nambari ya usajili, na nambari hiyo lazima ionekane kwenye lebo. Duka nalo huhitaji leseni yake. Kwa hiyo ukiingia kwenye agroveti, tazama mambo matatu: jina la mdudu kwenye lebo, nambari ya usajili, na leseni ya duka ukutani. Kuuza bidhaa isiyosajiliwa ni kosa la jinai, na bidhaa hutwaliwa. Kutojua hakumwokoi mwuzaji.

Mimea kutoka nje ya nchi ina utaratibu wake. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka huko utokako, si ukiwa tayari umefika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mzigo huja na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka. Ukikosa nyaraka au ukikutwa na wadudu, huteketezwa au hurudishwa kwa gharama yako. Kusema “ni chipukizi moja tu la mama” hakubadilishi kitu. Fukusi jike mwenye mimba ni mmoja tu pia.

Kabla ya kununua chochote, mfahamu mdudu wako. Kata gogo bichi la mgomba uliokwisha kuvunwa, kipande cha sentimita 30, ukipasue kwa urefu, ukilaze upande uliokatwa chini karibu na shina. Siku ya tatu alfajiri kigeuze. Fukusi watakuwa wameganda juu ya utomvu, wengine wamekunja miguu wakijifanya wamekufa. Usidanganyike. Waokote wote, uwahesabu, uwatie kwenye maji ya sabuni, na watano au sita uwatie kwenye kichupa kikavu. Andika kwenye karatasi tarehe, mahali na mmea uliowapata, kisha utuletee. Kuwatambua huwa ni kazi ya dakika chache.