Maji "ya molekuli ndogo" hayaingii kwenye seli kwa kasi zaidi

Ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu unadai maji ya kawaida yana mafungu makubwa ya molekuli yasiyopenya kwenye seli, hivyo tununue yale "maalumu". Si kweli. Kwenye utando wa seli kuna protini iitwayo akwaporini, yenye mfereji ambao sehemu yake nyembamba kabisa ina upana wa takriban nanomita 0.28 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Molekuli za maji hupita humo moja moja, kwa foleni, mabilioni kwa sekunde. Ni kweli molekuli hizo hushikana, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, lakini huachiana papo hapo. Umbo la akwaporini liko wazi kwenye hifadhidata za protini mtandaoni: lizungushe, uuone mfereji wenyewe. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mgonjwa anaweza kuiamini chupa ya maji hayo "maalumu" akaacha dawa.